Fundi Bisimwa na Maji Yasiyowaka

Hippolyte Bisimwa alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kulisema. Aliogopa askari, aliogopa makarani wenye mihuri, aliogopa mbwa wa jirani, na kanisani aliogopa hata kuimba kwa sauti asije akaonekana anajitanguliza. Mkewe Bibiane alizoea kuwachekesha wenzake kwa kusema kwamba mtu akimkanyaga mumewe mguu, mumewe ndiye huomba radhi. Jambo moja tu lilimtoa kwenye woga huo, nalo ni mtu kusema uongo juu ya injini. Ungeweza kumwambia kwamba mchana huu ni usiku, akaitikia ndiyo. Lakini ukimwambia kwamba plagi iliyojaa masizi ni dalili ya injini yenye afya, angekufuata mpaka mlangoni kwako kukusahihisha.

Gereji yake ilikuwa Namuwongo, hatua chache kutoka kwenye reli: mabati sita juu ya nguzo, shimo la kuingilia chini ya gari, na benchi la mbao lililolowa grisi hadi moyoni. Alikuwa amefika Kampala mwaka wa sitini na nne kutoka Bukavu, akiwakimbia waasi na pia wale waliokuja kuwafukuza waasi, kwa kuwa risasi za pande zote mbili zilipitia dirisha lake lilelile.

Mwaka wa sabini na saba, petroli ya Kampala ilikuwa petroli kwa jina. Serikali ya kijeshi ilikuwa imewafukuza Wahindi miaka mitano kabla na kugawa maduka na gereji zao kwa watu ambao ujuzi wao mkubwa ulikuwa kupiga saluti. Vipuri vikayeyuka. Petroli ikawa inaingia kwa magendo ndani ya mapipa, na kila mkono uliopokea pipa ulichota kidogo na kujazia mafuta ya taa. Gari likianza kupanda kilima ulisikia injini ikigonga kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya debe.

Hivyo ndivyo Fadhul alivyofika siku moja asubuhi na gari lake la Pijo. Fadhul alikuwa Mnubi wa Bombo, mtu wa kelele na tumbo, aliyekuwa akipeleka wagonjwa na jamaa zao hospitali ya Mulago.

"Fundi, hii gari yangu nataka kufa," alisema kabla hajazima injini. "Kilima ya Mulago nalia kama mbuzi."

"Haitakufa. Inagonga," Bisimwa alimjibu, akainamisha sikio juu ya boneti. "Sikiliza, Fadhul. Petroli nzuri inaungua kwa adabu. Cheche inaiwasha upande mmoja, moto unatembea mpaka upande wa pili, pistoni inasukumwa chini vizuri. Hii yako imejaa mafuta ya taa, haina subira. Joto likizidi ndani ya silinda, inajiwasha yenyewe kabla moto haujaifikia. Basi pistoni inapigwa nyundo. Hiyo unayosikia ni nyundo."

"Kale, haya. Toa nyundo."

"Mafundi wengine wanachelewesha cheche. Gari inanyamaza, lakini inakuwa mvivu na inakunywa petroli kama imeshikwa na kiu. Mimi sipendi hivyo."

Akasimama akijipapasa kidevu, akakumbuka uwanja wa ndege wa kwao. Akiwa kijana mdogo, katika miaka ya hamsini, kazi yake pale ilikuwa kujaza maji kwenye tangi dogo la ndege za mizigo. Uwanja ule uko juu milimani, na saa saba mchana hewa ilikuwa ya moto na nyepesi. Ndege iliyojaa mizigo haikutaka kunyanyuka. Rubani alifungua maji yakaingia ndani ya injini pamoja na hewa, akasukuma injini kwa nguvu ambayo bila maji ingezipasua pistoni. Bisimwa alimwuliza makanika Mzungu maji yanawakaje. Mzungu akamtazama kama anavyotazamwa mpumbavu. Maji hayawaki, alimwambia. Yanageuka mvuke, na yakigeuka mvuke yanabeba joto. Petroli inapoa, inatulia, inangoja zamu yake.

Dada yake Fadhul, Rehemah, alikuwa muuguzi. Alimletea Bisimwa chupa ya dripu iliyokwisha kazi, na mpira wake, na sindano nene. Bisimwa aliifunga chupa ndani ya boneti, akatoboa mdomo wa kabureta palepale upepo unapopita kwa kasi, akaingiza sindano. Dereva alipokanyaga mafuta, upepo ulivuta maji mengi. Alipoachia, ulivuta machache. Kwenye mpira palikuwa na kile kibanio cha hospitali cha kupunguza na kufunga. Akakirekebisha mpaka maji yakawa uzi mwembamba, kisha akairudisha cheche ya Pijo, ambayo fundi mwingine alikuwa ameichelewesha, mahali pake pa zamani, kama ilivyotoka kiwandani.

"Neno moja," alimwambia Fadhul, akamshika mkono ili asikie. "Ukizima injini, funga kibanio. Ukikiacha wazi, maji yatashuka yenyewe mpaka ndani ya silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Ukiwasha hapo, kitu kitavunjika."

Fadhul alipanda kilima cha Mulago akiwa na watu sita na mgonjwa mmoja, na Pijo haikutoa hata kikohozi. Chupa moja ilimfikisha Bombo. Petroli nayo ikaanza kukaa zaidi tangini, maana injini sasa ilikuwa inafanya kazi kwa cheche yake halali. Mwerevu angenyamaza. Fadhul akasimama mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, akapiga boneti kofi, akasema: "Gari yangu nakunywa maji!"

Maneno yale yalipofika Wandegeya, gari lilikuwa linatumia nusu petroli nusu maji. Yalipofika Ntinda, petroli ilikuwa imekwisha kabisa katika hadithi. Yalipoingia kambini, Bisimwa alikuwa profesa wa Kikongo aliyetoroka na siri ya Wazungu ndani ya soksi.

Landrova ya jeshi ilisimama gerejini saa nne asubuhi. Akashuka Meja Kamis, mtu mrefu mwenye miwani myeusi na nishani ambazo zingetosha vita vitatu, ingawa hakuwahi kuonekana hata katika kimoja. Nyuma yake waliruka askari wanne. Bibiane, aliyekuwa amemletea mumewe maharage, aliweka sahani chini polepole na kusimama kando.

"Nani hapa natembeza gari na maji?"

Bisimwa alifuta mikono kwenye suruali. "Ni mimi, Afande. Lakini haitembei na maji. Inatembea na petroli. Maji inapoza tu."

"Maji naingia ndani ya injini?"

"Inaingia, Afande."

"Na gari natembea?"

"Inatembea, lakini—"

Meja akawageukia askari wake. "Munasikia? Naficha."

"Afande, maji haiwaki," Bisimwa alisema, na sauti yake ikapanda bila ruhusa yake mwenyewe. "Ukimwaga maji juu ya moto, nini inatokea?"

Askari mmoja alicheka kidogo, akaacha haraka. Meja alivua miwani. "Mimi nasema itawaka. Kama nakataa, tutaiuliza kwa nini nakataa."

Baada ya siku tatu Bisimwa alipokea barua yenye mihuri miwili ikimteua Mtaalamu Mkuu wa Kamati ya Taifa ya Maji ya Injini. Kamati ilipewa ofisi katika lililokuwa duka la samani la Mhindi mmoja, na wajumbe wake kumi na sita walikaa kwenye viti ambavyo nailoni yake ya dukani ilikuwa bado haijachanwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua boneti inafunguliwa upande gani. Mwenyekiti alikuwa Meja Kamis. Katibu alikuwa sajini wa bendi, mpiga tarumbeta, kwa hoja kwamba tarumbeta nayo ina mabomba.

Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya sare. Cha pili kilijadili jina la mafuta mapya. Cha tatu kilidumu mchana kutwa, kwa sababu mjumbe mmoja alisimama na kusema kwamba ikiwa maji sasa ni mafuta, basi Ziwa Viktoria ni kisima cha mafuta, na Wakenya na Watanzania wanachota humo kila siku bila kuomba. Wajumbe walitazamana kwa hasira ya kweli. Ikapitishwa kwamba zipelekwe barua. Bisimwa alinyoosha mkono kueleza kwamba maji si mafuta. Mwenyekiti akamwambia mambo ya ufundi yatafikiwa kwenye kikao cha tano.

Kwa ajili ya sayansi waliletewa injinia wa serikali, Bwana Olanya, Mwacholi mpole wa miaka arobaini, aliyesema maneno machache kama mtu anayelipia kila neno. Kaka zake wawili walikuwa wanajeshi. Waliitwa kambini mwaka wa sabini na mbili na hawakurudi. Olanya alikuja Namuwongo peke yake. Akaisikiliza Pijo ya Fadhul, akaendesha mpaka Mulago na kurudi, kisha akaomba kifuniko cha injini kifunguliwe.

Vichwa vya pistoni viling'aa. Masizi ya miaka yalikuwa yamebanduka na kwenda zake.

"Mvuke umeyaosha," Olanya alisema, akapitisha kidole juu ya pistoni. Kwa mara ya kwanza alitabasamu.

"Umeyaosha, Injinia! Na tazama pembe hii, hakuna alama ya kuungua. Miezi miwili ya petroli chafu!"

Walikaa pale kwa saa nzima, wamechutama kama watoto juu ya shimo la sisimizi, wakibishana ni kiasi gani cha maji kinatosha. Kikiwa kidogo mno, gari linagonga. Kikizidi, moto unadhoofika, injini inakohoa. Katikati pana nafasi nyembamba ambapo kila kitu kinakubali. Bisimwa hakuwahi kupata mtu wa kuzungumza naye hivyo tangu Bukavu. Olanya alipoosha mikono yake kwa mafuta ya taa, tabasamu nalo liliondoka.

"Wewe unajua na mimi najua," alisema. "Tusiwe watatu."

Ripoti yake ilisomwa kwenye kikao cha tano. Ilisema kwamba katika majaribio maji "yameonekana kushiriki katika mwako". Wajumbe walipiga makofi. Bisimwa alimfuata hadi nje.

"Kushiriki? Injinia, maji hayashiriki! Maji yapo pale kama polisi kwenye harusi. Yanatuliza tu!"

"Fundi," Olanya alisema bila kusimama, "nina watoto wanne na kabila baya. Niache."

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi, katika uwanja wa mpira ulio chini ya kambi. Lilifungwa turubai, zikapangwa safu tano za viti, wakaja maafisa na wake zao, mabalozi wawili ambao hawakupata udhuru mzuri, na Brigedia mmoja mnene aliyekuwa mgeni wa heshima. Gari lilikuwa Benzi ya Meja, nyeupe, ambayo nayo zamani ilikuwa ya mtu mwingine. Meja alikuwa ameikataa chupa ya dripu; aliiona ndogo, haina hadhi. Akaagiza mtungi wa kioo kama ule wa sharubati hotelini, ukafungwa juu ya boneti kwa vyuma, ili watu wote wayaone maji. Maji yenyewe yalichotwa kwenye chemchemi ya Namuwongo, na Bibiane aliyachuja kwa kitambaa mara tatu.

"Afande," Bisimwa alimwambia asubuhi ile, akishika kibanio kwa vidole viwili, "ukiwa unatembea, hivi. Ukizima, funga. Usisahau kufunga. Tafadhali, Afande."

"Wewe nafundisha mimi gari?"

Meja aliwasha, akazunguka uwanja mara mbili. Benzi ilikwenda kimya, laini, nzuri kuliko Bisimwa alivyotumaini. Wanawake walipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ndani ya tangi mlikuwa na nini. Mlikuwa na petroli tele, kama Bisimwa alivyokwisha kuwaambia mara kumi. Meja akasimamisha gari mbele ya turubai, akazima injini, akashuka. Na ili wageni waone vizuri jinsi maji yanavyotembea ndani ya mpira, alinyoosha mkono akakifungua kibanio chote.

Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaanza hotuba.

Alianza na wakoloni. Bisimwa, aliyesimamishwa nyuma ya askari, alitazama mtungi. Maji yalikuwa yanashuka. Meja alifika kwa Wahindi, na maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili. Bisimwa alijua njia yote yanayopita: mdomo wa kabureta, koo lake, mlango uliofunguka, kisha silinda, moja au mbili, zilizokaa kimya zikijazwa kama vikombe. Alinyoosha mkono. Askari akaushusha. Alinyoosha tena wakati Meja alipokuwa kwenye mabeberu na njama zao. Askari alimpiga kofi la kisogoni, taratibu, ili asivuruge hotuba. Bisimwa akamtafuta Olanya kwa macho. Olanya alikuwa anachunguza viatu vyake. Hotuba ilichukua saa moja na dakika kumi, na ilipofika kwenye neno "ushindi", mtungi ulikuwa mtupu.

Meja alimfungulia Brigedia mlango, wakaingia wote wawili, akawasha.

Silinda zilizokuwa kavu zilishika moto na kusukuma. Iliyojaa maji ilikataa. Ulitoka mlio mmoja, mzito, kama nyundo kubwa juu ya reli. Kitu kilitoboa ubavu wa injini, na chini ya Benzi ikamwagika oili, na juu ya oili maji safi ya Namuwongo, juu ya nyasi.

Brigedia alimgeukia Meja. "Hii," aliuliza, "ndiyo sauti yake ya kawaida?"

Kamati iliitwa siku ileile. Kosa lilikuwepo, na mkosaji lazima awepo. Aliyefungua kibanio alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, kwa hiyo huyo hakuhesabiwa. Macho ya wajumbe wote yalihamia kwa Bisimwa, na yeye akaona mbele yake buti ya gari la jeshi, ile waliyotiwa watu wasiorudi, ikifunguliwa. Hapo ndipo Olanya aliposimama.

"Waheshimiwa," alisema, "Meja alifanya kazi yake. Fundi alifanya kazi yake. Mimi napendekeza tuyachunguze maji."

Chumba kizima kilivuta pumzi. Maji! Maji hayakuwa na ndugu kambini, hayakuwa na mjomba wizarani, hayakuwa na uwezo wa kukumbuka hotuba. Katika nusu saa katibu mpiga tarumbeta alikuwa ameandika kwamba maji ya chemchemi ya Namuwongo yamekutwa dhaifu na yenye nia mbaya, na kwamba adui ameyaingilia. Karatasi ilisukumwa mbele ya Bisimwa. Alishika kalamu. Alijiambia kwamba karatasi ile haisemi neno juu ya injini. Inasema juu ya maji tu. Akatia sahihi. Olanya alimtazama kwa huruma na aibu, akatia ya kwake chini yake.

Jumatatu asubuhi askari sita waliizungushia chemchemi seng'enge. Walisimika ubao: MAJI ADUI. KUCHOTA MARUFUKU. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, walivua kofia wakachota humohumo wakanywa. Kufikia Jumatano walikuwa wanawauzia watu maji ya adui kupitia kwenye tundu la seng'enge, na asiye na cha kuwapa alivuka reli kwenda kuchota mtaroni. Jirani yao, mama wa makamo aitwaye Mbambu, muuza mihogo, aliteleza kwenye mataruma ya reli na dumu kichwani, akavunjika mguu.

Bibiane alimsindikiza Mbambu Mulago na kurudi jioni. Akamkuta mumewe anasugua kabureta ambayo tayari ilikuwa safi.

"Baba Anselme," alisema, "watu wanasema jina lako liko kwenye karatasi ya chemchemi."

Alizidi kusugua.

"Yale maji niliyachuja mimi kwa mkono wangu. Mara tatu. Uliandika yana kosa gani?"

"Niliogopa, Mama Anselme."

"Najua uliogopa. Kila siku unaogopa, na sijawahi kukulaumu. Nimekuuliza maji yana kosa gani."

Aliinama juu ya kabureta. Angeweza kuvumilia matusi, lakini swali lile lilikuwa swali la fundi, na fundi ndani yake alikuwa na jibu. "Hayana kosa," alisema hatimaye. "Yalikaa yalipowekwa."

Kesho yake asubuhi alivaa shati la kanisani akaenda ofisini kwa Meja Kamis. Alingoja kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita, na mara mbili aliinuka kuondoka, na mara mbili miguu ilikataa. Alipoingia, Meja alikuwa anakula embe kwa kisu.

"Afande, nimekuja kwa sababu ya injini."

"Injini imekufa."

"Ndiyo. Nimekuja kusema imekufa na nini." Sauti ilikwenda yenyewe, kwa ule mstari iliyouzoea. "Maji haina kosa. Uliacha kibanio wazi. Ukazima. Ukasema hotuba saa moja na dakika kumi. Maji ilishuka, ikajaza silinda. Maji haibanwi. Pistoni ilipopanda haikupata nafasi, mkono wake ukapinda, ukatoboa. Ni hivyo tu. Mtu yeyote angeacha wazi, ingekuwa hivyohivyo, hata mimi."

Meja aliweka kisu mezani. Alifuta vidole kimoja kimoja.

"Nani mwingine najua hii?"

Kwa mtu mwoga, Bisimwa alijibu kwa unyofu wa ajabu. "Kila mtu aliyekuwa pale, Afande. Mtungi ulikuwa wa kioo."

Walimkalisha kambini siku kumi na moja. Vidole viwili vya mkono wa kulia walivivunja siku ya kwanza, kwenye mlango, na baada ya hapo hawakuwa na mpango maalum naye. Walimsahau na kumkumbuka kwa zamu. Fadhul alizunguka kwa wajomba zake wote wenye mistari begani, akiwaambia malori ya jeshi yanagonga mpaka yanatisha ng'ombe na kwamba mtu pekee wa kuyaponya wamemfungia stoo. Mwisho mjomba mmoja alielewa. Bisimwa alitolewa, akatengeneza malori matatu kwa mkono wa kushoto, akaambiwa aende zake.

Wakati yeye yuko ndani, jambo lingine lilikuwa linatendeka Namuwongo. Neno la mtungi wa kioo lilimwingia Meja, likakaa. Alianza kuona kwamba kila anayepita kwenye seng'enge ile, akisoma ule ubao, anakumbuka hotuba. Alipita mwenyewe kwa Landrova, akawaona wanawake wameziba midomo kwa kanga na mabega yanawatikisika. Ule ulinzi wa askari sita ulikuwa umegeuka kuwa tangazo la upumbavu wake, mchana na usiku, kwa gharama ya serikali. Lakini amri ya jeshi haifutwi kwa kusema tulikosea. Ikaandikwa barua nyingine, yenye mihuri mitatu safari hii, ikabandikwa kwenye mti: baada ya uchunguzi wa kina, maji ya Namuwongo yamejirekebisha na yamesamehewa.

Bibiane aliisoma kwa sauti mbele ya foleni ya madumu, akaisoma tena kwa ombi la watu wote. Akacheka mpaka akakaa chini, na alipokuwa amekaa hapo, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, kwa sababu mumewe alikuwa bado hajarudi.

Alirudi Alhamisi, mkono umefungwa kitambaa. Vidole viliunga vibaya, vikabaki vimepinda kuelekea kwenye kiganja, na tangu hapo spana ndogo alizishika kwa mkono wa kushoto. Mbambu alibaki na mkongojo. Olanya alivuka mpaka wa Kenya pale Busia Jumapili moja na mke na watoto wanne wakiwa wamevaa kama waendao harusini, na habari zilizokuja baadaye zilisema anafundisha hesabu Kisumu na analala vizuri. Meja Kamis alipandishwa cheo. Kamati haikuvunjwa kamwe, kwa kuwa hakuna aliyejua nani ana mamlaka ya kuivunja. Wajumbe waliendelea kukutana na kunywa chai, mpaka viti vikabebwa kimoja baada ya kingine kwenda majumbani kwao, na ajenda ikaisha kwa kukosa mahali pa kukalia.

Chupa za dripu Bisimwa aliendelea kuzifunga, kwa wale waliokubali kwanza kusikiliza. Mwaka uliofuata alikuja koplo mmoja kijana na gari lake dogo linalogonga, hana sare siku ile, akasema kwa kunong'ona kwamba amesikia hapa kuna dawa ya gari kutembea na maji.

Bisimwa aliweka spana chini. Alimwonyesha benchi, akamwambia akae, akaanza mwanzo kabisa: cheche, moto unaotembea, petroli isiyo na subira, mvuke unaobeba joto. Alisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu waliokuwa wakipita kwenye reli waligeuka. Koplo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya maana, akaelewa. Kisha akajikuna shingo.

"Fundi, sasa ile Benzi ya uwanjani… nasikia maji ndiyo ilikuwa adui. Kweli ilivunjika na nini?"

Bibiane, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni, aliacha kumenya. Bisimwa alimtazama koplo, akatazama kiganja chake chenye vidole viwili vilivyojikunja. Akavuta kigoda karibu, akakaa, akamweleza, kuanzia kwenye hotuba.